Mitungi ya Ubavuni

Tangu alipoanguka ngazini, mgongo wa Mashavu haukukubali tena kubeba mtungi wa hewa. Leo alijifunza kuzamia ziwani na mitungi miwili ubavuni. Wa kushoto alishaufunga. Ndoano ya kufungia wa kulia ilimkatalia.

"Nikusaidie, Bi Mashavu?" Mwalimu Faki alinyoosha mkono.

"Niache, mwalimu. Nikishindwa nitasema."

Ndoano ikalia: ta!

"Haya," mwalimu akasema. "Chini kuna tope, ukilitibua hatuoni kitu."

Wakazama. Mashavu akalala bapa majini, akapiga miguu polepole kama anayepita chumba alicholala mtoto mchanga. Ng'ambo ya ziwa akageuka. Alikopita yeye, tope lilitulia kama shuka iliyotandikwa. Wingu moja tu lilitimka, miguuni pa mwalimu, aliyejisahau kwa kumtazama.