Bodi ya Bi Moza

Chipu ilikuwa nzima. Ngwali aliing'oa taratibu kwenye soketi yake, akaukunja mguu mmoja kwa ncha ya koleo, kidogo tu, akairudisha. Miguu ishirini na minane, na huo mmoja ulikuwa ukigusa bila ya kushika. Yote hayo aliyafanya akiwa amempa mgongo Bi Moza.

Kisha aliiunganisha bodi na televisheni kuukuu ya kufanyia majaribio. Ndege ndogo za kijani zikatokea, zikaanza kurushiana risasi.

"Imewaka," alisema, macho yake kwenye kioo.

"Mashaallah, Fundi."

Bi Moza aliifunga bodi kwenye kanga, akaacha mezani mayai manne kama kila Alkhamisi, maana malipo Ngwali aliyakataa tangu mwanzo, akatoka kwenda kupanda gari ya Wete.

Barabara ya kwenda kwao Ole, kwenye njia hiyo ya Wete, ingemalizia kazi. Baada ya mitikisiko ile mguu ungeachana na soketi, mashine ya gemu ingezima, na Alkhamisi ya pili Bi Moza angerudi. Mara ya kwanza ubovu ulikuwa wa kweli, kutu na vumbi. Miezi mitano iliyofuata ulikuwa wa Ngwali mwenyewe, na Tibirinzi nzima hapakuwa na fundi aliyesifiwa kwa uaminifu kama yeye.

Mashine ya gemu aliiacha marehemu Khatib, mume wa Bi Moza, aliyeileta kutoka Mombasa enzi zile watoto wakipanga foleni na sarafu mkononi. Ngwali hakuwahi kuiona. Alijua matumbo yake tu, bodi hiyo yenye upana wa sinia. Na alijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba mjane yule ana watoto watatu, na aliamini mashine hiyo ndiyo inayowalisha.

Sasa, mjane hawezi kuja kukaa kwenye duka la mgane hivi hivi. Watu wana macho na midomo pia. Lakini mwenye kifaa kibovu hukaa kitako kwenye benchi mpaka kifaa kipone, na hakuna wa kumuuliza. Kwa hiyo Bi Moza alikaa. Alisimulia tumbili walivyoimaliza mihogo ya jirani, akacheka huku kaziba mdomo kwa ncha ya buibui, na Ngwali, ambaye tangu kufiwa na mkewe alikuwa hana wa kucheka naye, alicheka mpaka koleo likamwanguka.

Angeweza kupeleka posa. Lakini unamposaje mwanamke unayemharibia riziki yake kila wiki? Hii ni kula haki ya mayatima, alijiambia, na yale mayai aliyaona ya wizi kila alipoyala.

Siku moja alipokuwa akisafisha bodi alikuta unyoya mdogo mweupe umenasa baina ya soketi mbili. Akaupuliza, akaendelea na kazi.

"Ikifika huko huzima vipi?" aliuliza siku hiyo, kwa sababu fundi mwaminifu angeuliza.

"Haiwaki tu, Fundi."

"Hata taa zake?"

"Hata taa."

"Basi nije mwenyewe niitazame."

"Usijitaabishe," Bi Moza alijibu upesi. "Mie n'taileta."

Shaabani ilipokaribia kwisha, Ngwali aliona hawezi kuingia Ramadhani na dhambi hiyo shingoni. Aliunyoosha mguu wa chipu, akalehemu viungo vyote upya, akaifunga kila chipu na soketi yake kwa uzi.

"Hii sasa haitozima tena," alimwambia.

Alitegemea afurahi. Bi Moza aliitazama bodi. "Hata kidogo?" aliuliza.

Alkhamisi iliyofuata alikuwa mlangoni, kanga kifuani. "Haiwaki, Fundi."

Ngwali aliijaribu. Ndege za kijani ziliruka bila ya kigugumizi. Bodi ikiwa nzima, basi maradhi yako kwenye mashine yenyewe. Kuzima na kuwaka kwa miezi mitano kumeunguza transfoma, labda na skrini. Ameiua kwa mkono wake. Hakuweza kumwambia, alimwomba tu amwachie bodi.

Jumamosi asubuhi alifunga transfoma mpya nyuma ya baiskeli, akatia bodi kwenye mkoba, akashika njia ya Ole. Njia nzima aliyapanga maneno. Ataitengeneza, atakiri, ataomba radhi, kisha hatomwona tena. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya ashuke na kuikokota baiskeli kwenye vilima ambavyo siku nyingine angevipanda bila ya kushuka.

Barazani alimkuta Bi Mwatum, mama yake Bi Moza, akimenya muhogo.

"Shikamoo, mama. Mimi Ngwali, fundi wa Tibirinzi. N'mekuja kuitengeneza mashine ya gemu."

"Marahaba." Bikizee alimtazama, akautazama mkoba wa vifaa, akamtazama tena. Kisu kilisimama. "Kumbe ndiye weye. Moza kenda kisimani, anarudi sasa hivi. Mashine iko uani, pita."

Ngwali alizunguka nyumba, mkoba ukimpiga pajani. Kabati la mashine lilisimama chini ya upenu, rangi zake zimepauka kwa jua. Palipokuwa na skrini palikuwa na wavu ulioshika kutu, na nyuma ya wavu, juu ya majani makavu, tetea mweupe alimkodolea macho.

"Usimshtue, mwanangu," Bi Mwatum alisema nyuma yake. "Mwaka wa pili huu anaatamia humo."