Mkwe wa Bolti Moja

"Karibu mkwe! Karibu mwanangu!" Mzee Shariff alimvuta kijana ndani ya ua kabla hodi yake haijaisha, akamwelekeza moja kwa moja kwenye gari.

Kijana alisita. Akalitazama gari, akautazama mkono uliomshika bega, kisha akainamisha kichwa. "Ahsante, baba."

"Umeona anavyoona haya?" Mzee Shariff alimnong'oneza mkewe, Bi Kuluthum, dirishani. "Huyu kalelewa."

Hakumuuliza jina. Jina lilikuwa kwenye barua: Darweshi, fundi wa mashine za mbao kule Elburgon, angefika Jumamosi asubuhi kumposa Samsam. Sharti alilijua: anayemtaka binti aonyeshe kwanza kazi ya mikono yake kwenye gari la baba. Na mchumba hahojiwi mlangoni kama mtu aliyekamatwa na polisi bila kipande cha utambulisho. Anakaribishwa, maswali yanawangoja wazee wake.

Kuhusu Samsam, tusidanganyane: hakuwapo. Wenye nyumba walijaliwa wana wanne wa kiume, wote makarani, hakuna hata mmoja anayejua spana inashikwa upande gani. Samsam alikuwa pazia la chumba cha ndani, na nyuma ya pazia Bi Kuluthum akitikisa bangili.

Kwa pazia hilo, kijana wa Naivasha alikuwa ametengeneza breki. Kijana wa Gilgil akaziba rejeta. Kila mmoja alilishwa pilau, akaagwa kwa heshima, na baada ya wiki akaletewa salamu kwamba istihara imepigwa, nyota zimegongana, samahani sana. Nani atabishana na nyota?

Sasa ilibaki bolti moja tu. Ilishikilia pampu ya maji iliyotoboka, na kichwa chake kilikuwa kimelika mpaka kikawa mviringo. Spana ilizunguka bila kushika. Pampu mpya ilikuwa ndani ya boksi tangu Ramadhani. Na kesho ilikuwa harusi ya shemeji wa Mzee Shariff huko Mai Mahiu. Mzee alikuwa ameapa mbele ya baraza zima la msikitini kwamba safari hii atakwenda kwa gari lake mwenyewe, alilouziwa na Mzungu wa Njoro, na ambalo kwa miezi kumi na minne halikuwa limebeba chochote ila kuku. Watu wa mtaa wake, Bondeni, walikuwa wakimuuliza mayai ya gari ni bei gani. Alicheka nao, lakini yalimuuma sana.

"Spana ziko wapi, baba?" kijana akauliza.

"Fundi gani anakuja mikono mitupu?" Bi Kuluthum akanong'ona. "Na halwa hakuleta."

"Mtu aje kuposa amebeba spana?" Mzee Shariff akamjibu, akakimbia kuazima za jirani.

Kijana alikunja mikono ya shati. Akaimwagia bolti mafuta ya taa, akaiacha inywe. Akaigonga gonga. Kisha akachukua tupa na kukisugua kile kichwa cha mviringo pande mbili, bila haraka, mpaka kikapata bapa huku na huku. Akatafuta spana ndogo zaidi, akaipigilia kwa nyundo mpaka ikauma.

"Breki zinashika?" aliuliza akiwa ameinama.

"Zinashika sana! Zilitengenezwa na... na fundi mmoja."

"Na petroli iko?"

"Tangi limejaa, mwanangu. Kesho tuna safari."

Bangili zikalia nyuma ya pazia. Kijana hakuinua kichwa.

"Wenzake walichungulia mpaka nikaogopa," Bi Kuluthum alisema dirishani. "Huyu hajatazama hata mara moja."

"Adabu, mke wangu. Adabu!"

Kijana akachomeka bomba kwenye mpini wa spana. "Vuta na mimi, baba!" Wakavuta. Mishipa ya shingo ikawasimama. Kraa! Bolti ikaachia, na wote wawili wakaangukia maganda ya vitunguu. Kuku wakatawanyika. Mzee Shariff akaiokota bolti, akaibusu. Bi Kuluthum akasahau kwamba yeye ni msichana, akapiga kigelegele cha mama wa watoto wanne.

Adhuhuri pampu mpya ilikuwa imekaa. Hendeli ikazungushwa mara tatu, injini ikanguruma, vichwa vya majirani vikaota juu ya ukuta.

"Nilipeleke mpaka stesheni nirudi," kijana alisema. "Nione kama maji yanavuja."

"Peleka! Pitia msikitini, pole pole, wakuone! Piga honi!"

Honi ikapigwa mtaa mzima. Mzee Shariff akamshika mkewe mikono, wakacheza uani kama bwana na bibi harusi.

"Ningekuwa na binti kweli, wallahi ningempa huyu," Bi Kuluthum alisema, akijifuta machozi ya kicheko.

"Nyota zitagongana wiki ijayo. Leo ale pilau ashibe."

Mzee Shariff akaoga, akavaa kanzu mpya na kofia, akaketi karibu na lango kusikiliza honi. Pilau ikaiva. Ikaanza kupoa. Mwishowe hodi ikapigwa, naye akaruka kufungua, mikono ameshaitanua.

Nje alisimama kijana mwenye vumbi la mbao nywelani, sanduku zito mkono mmoja, kikapu cha halwa mkono wa pili.

"Asalaam aleikum, mzee. Mimi ni Darweshi. Mniwie radhi, lori lilituharibikia Njoro." Akaweka sanduku chini, spana zikalia ndani yake. Akachungulia pazia, kisha akatazama ua wote, pembe hadi pembe. "Na gari lenyewe liko wapi?"