Ndege ya Baba Imeshuka Tena

"Kidhibiti umeme kimekufa tena," Baba alisema, akishuka kwenye ndege yake. Waliotimiza miaka sabini huishi angani siku hizi. Hukanyaga ardhi ndege ikiharibika tu.

Nilikuwa hoi. Nilishambadilishia vidhibiti viwili, na betri bado ilichajiwa kupita kiasi mpaka inachemka. Nikapima hiki kipya: kizima. Nikafuata waya wake wa hasi, ambao ukilegea kidhibiti huchaji betri kupita kiasi, hadi unapofungwa kwenye bodi ya ndege. Nati yake, ambayo sikuwahi kuigusa, ilikuwa imelegezwa, alama za spana zikiwa bado mbichi.

Nilimkuta Baba jikoni, amempakata mjukuu wake, anakunywa uji.

"Umeona tatizo?" aliuliza, bila kunitazama.

Betri ingeendelea hivyo, ingemlipukia huko juu.

"Maliza uji kwanza, Baba."

Nikachukua spana kwenda kuikaza ile nati. Nyuma yangu, kijiko kikaacha kugonga bakuli.