Kanisa Lenye Jiko

Ndunge alikuwa amepanda juu ya pipa la maji, mikono kiunoni, akimpigia kelele kila aliyenyoosha mgongo.

"Chimbeni! Jumatatu watu wa mradi wanafika!"

Chifu ndiye aliyeleta balaa. Alitangaza kwamba kile kiwanja cha umma hapo Emali kitajengewa nyumba ya wale wanaolala kwenye veranda za maduka. Ndunge nusura azimie. Kiwanja kilipakana na rumu zake za kupangisha, na ndizo zilizomlisha tangu awe mjane. Nani atapanga karibu na chokoraa?

Ndipo akapata akili. Katika Emali yote, nani atathubutu kubomoa kanisa? Akaita mwethya walijenge hapo kiwanjani kwa kazi ya pamoja: kila nyumba ilete mikono, yeye atapika muthokoi wa mahindi na maharagwe.

"Kanisa gani?" waliuliza.

"La wote. Mchungaji tutatafuta baadaye."

Watu walimiminika kama wamealikwa harusi. Na kwenye mwethya huulizwi umetoka kwa nani. Ukishika jembe, unapewa sahani.

Lakini mwenye kazi hasa alikuwa Kyule. Alikuja na wenzake watano, wa kwanza kufika, wa mwisho kuondoka. Alikula sahani tatu na hakuna aliyemwangalia vibaya. Na mdomo anao!

"Hao wa mradi wakija," alisema, "watanikuta hapa hapa mlangoni."

Akina mama walimpigia vigelegele.

Ni yeye aliyesema pawe na vyumba.

"Vya nini?" aliuliza Mzee Mutisya, jirani wa ng'ambo ya barabara.

"Vya Sande skuli, mzee. Watoto watakaa juani?"

Vikajengwa. Kesho yake akataka jiko.

"Wewe! Kanisa gani lina jiko?"

"Kwani waumini wenu hawanywi chai?"

Mutisya alicheka hadi akakohoa. Jiko likajengwa, na choo pia, maana chai ni lazima itoke.

Jumamosi jioni bati la mwisho likapigiliwa misumari. Ndunge alizunguka jengo akiligusagusa kama ng'ombe wa kununua. Rumu zake zimepona! Akamshika Mutisya mkono.

"Mzee, huyo mgeni wako ametuokoa. Mwambie apitie kwangu nimfungie muthokoi."

"Mgeni wangu?" Mutisya alikunja uso. "Kyule si mpangaji wako?"

Wakaangaliana. Moshi ulikuwa umeanza kupanda kule nyuma. Ndunge akainua leso, akaingia mbio. Ndani, katoni sita zilikuwa zimetandikwa vizuri sakafuni kando ya ukuta, sufuria ya chai inachemka, na Kyule anakunja koti lake liwe mto.

"Karibuni, majirani," alisema. "Chai iko. Lakini kuanzia kesho, mama, uwe unabisha hodi."