Chini ya Buti la Aune

Aune aliziona kabla ya dereva aliyekuja kukata miti yake: punje za njano zilizotapakaa kwenye theluji chini ya mti mkongwe wa mpopla, utadhani mchele uliotiwa manjano. Kinyesi cha kindi arukaye. Akazikanyaga upesi kwa buti lake, akatulia tuli.

Huku Ufini, akiwepo kindi huyo, kisheria mti wake haukatwi, wala miti inayouzunguka. Na kwa miti hii binti yake angejengewa nyumba.

Dereva akazima mashine ya kukatia miti, akashuka na shoka. "Mama, mbona umesimama hapo kama kigingi?"

"Nimechoka. Wewe kata tu."

"Ngoja nigonge kwanza, kama yumo kindi atachungulia. Sitaki kesi mie."

Majirani wote walikwisha kusafisha misitu yao, wakabakiza misonobari mitupu, imejipanga kama askari wa gwaride. Humo siku hizi halii hata ndege. Walikuwa wakimcheka marehemu mumewe: "Mwenzetu unafuga magugu!" Naye alicheka nao, na mipopla yake hakuigusa.

Dereva akagonga shina kwa mpini wa shoka, huku akikagua theluji.

Juu, kwenye tundu lililotobolewa na kigong'ota, yakachomoza macho mawili meusi, makubwa mno kwa kichwa kile kidogo. Yakamkazia Aune.

"Hamna kitu," dereva akasema, mkono tayari kwenye mlango wa mashine. "Au wewe umeona kitu, mama?"

Aune akatazama tena juu. Yale macho hayakurudi ndani.

Akainua mguu.