Dakika Tatu za Kuuma

"Usiseme, usitikisike. Dakika tatu tu," daktari wa meno alimwambia mgonjwa wake, kisha akamtia mdomoni kibati kilichojaa rojo zito la rangi ya waridi. Likiganda lingeshika alama za meno, na kwa alama hizo angetengenezewa kinga ya kuvaa usingizini.

Maana mzee alikuwa anasaga meno, jamani! Kila usiku krr, krr, kama anatafuna kokoto. Magego yamebaki bapa, na asubuhi taya limekaza hata chai anainywa kwa tabu. Hospitali alikuwa haendi hata kwa kuburutwa, lakini zahanati hii ya mbali aliitaja mwenyewe.

Daktari, binti mchangamfu, aliijaza kadi upesi bila hata kumuuliza mwaka wa kuzaliwa. Mke, aliyekuwa amekaa pembeni ya kiti cha mgonjwa, hakulijali hilo. Alikuwa na lake.

"Mara nyingi meno husagwa na wasiwasi," daktari alikuwa amewaambia. "Kuna jambo linalomkaa moyoni?"

Swali lile lilimchoma mke. Jambo lilikuwepo, na mwenye makosa alikuwa yeye.

Aliutazama mdomo wa mumewe uliozibwa. Leo ama basi. Mume akipata nafasi ya kujibu atamfukuza, basi bora amalize kusema kabla hajaipata.

"Baba watoto, nisamehe. Binti yako wa kwanza, yule uliyemzaa kabla hujanioa. Miaka kumi na mbili iliyopita alikuandikia, anataka kuja kuishi nasi aanze masomo. Barua niliichoma. Ulipouliza, nikakwambia amekukataa. Ni wivu tu, wivu wa kijinga! Hata sura yake siijui. Hayo meno ni mimi ninayekusagisha."

Mume aliguna. Machozi yakamtiririka hadi masikioni. Mke alijifunika uso kwa viganja. Alijiona hafai hata kuitwa mke wa mtu.

Dakika tatu ziliisha. Daktari alikitoa kibati taratibu, akamfuta mgonjwa kidevu, kisha akamgeukia mke. 

"Niliandika ya pili, mama," alisema, "nikaipeleka kazini kwake. Miaka yote hii namwambia baba akwambie kwamba tunaonana, na yeye anasaga meno tu."