Mishale ya Ketill

Nilimkuta Ketill amekaa juu ya lava iliyopoa, anatafuna samaki mkavu aliyepakwa siagi, huku akichora mishale kwenye vipande vya mwamba tulivyong'oa kwa keekee jana. Siagi ilimchuruzika kidevuni.

Lava ikipoa huwa sumaku, na hushika upande uliokuwa kaskazini siku hiyo. Ndiyo maana mshale wa kuonyesha kaskazini huchorwa kabla kipande hakijang'olewa.

"Sasa umejuaje vilielekea wapi?" nikamuuliza.

"Jana mvua ilinyesha, kalamu ikakataa. Nakisia tu. Kwani jiwe litanishtaki?"

Alilamba kidole, akafuta mshale mmoja, akauchora upande mwingine. Mate yake yaling'aa kwenye jiwe.

"Na vile vya mwaka jana?"

Aliacha kutafuna.

"Vile vilivyokupa shahada, dada?"